Jicho la Kushoto la Msajili wa Ndoa

Ottavio Zorzan alikuwa amefika kwenye neno "uaminifu" jicho lake lilipomsaliti.

Ilikuwa Jumamosi ya Aprili, katika ukumbi wa manispaa ya Sant'Ubaldo, mji mdogo wa kando ya mto Brenta, nusu saa kwa basi kutoka Padova. Ottavio, msajili wa ndoa, vizazi na vifo kwa miaka kumi na tisa, alikuwa amejifunga mshipi wa rangi tatu za bendera ya Italia kifuani na kuwasomea maharusi vifungu vya sheria kama alivyowasomea mamia wengine. "Mume na mke wanapata haki sawa na wajibu sawa," alisoma kwa sauti yake nzito. "Wanawajibika kuishi pamoja, kusaidiana, na kutunziana uaminifu..."

Hapo kope la kushoto likashuka, pembe ya mdomo ikavutwa juu kama iliyonaswa na ndoana, na watu sitini wakamwona msajili wa serikali akimkonyeza bibi harusi.

Bwana harusi alikuwa dereva wa lori la maziwa, shingo yake pana kama kiuno cha mtu mwingine. "Wewe mzee," alisema, "unamkonyeza nani?"

"Niwie radhi, kijana wangu. Ni neva."

"Neva zangu ndizo zinazopanda sasa hivi!"

Jicho likarudia. Bibi harusi akaficha uso ndani ya maua yake, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Safu ya mbele, bibi yake mzaa mama, mwanamke wa miaka tisini na kitu, akainua fimbo. "Mwacheni amalize! Mimi hajanikonyeza mtu tangu alipokufa babu yenu. Bwana msajili, geukia huku kidogo."

Ndoa ilifungwa, lakini Jumatatu asubuhi meya wa mji alimwita Ottavio ofisini na kufunga mlango.

"Hii ni ya tatu tangu mwaka uanze," alisema meya. Alikuwa mwanamke mwenye haraka, aliyeongea huku akitia saini karatasi. "Ya Januari walicheka. Ya Februari mama mkwe aliondoka. Nikuhamishie dirisha la vifo peke yake? Ukawakonyeze wafiwa?"

Ottavio hakuona haja ya kumwambia meya kwamba hilo nalo alikwisha kulifanya.

Tatizo lilikuwa limeanza miaka minne nyuma. Kwanza alihisi kitu kama mdudu akitembea chini ya ngozi ya jicho, kisha kope likawa linaruka, kisha mdomo nao ukajiunga na sherehe. Mara mia kwa siku, mara mia mbili akichoka. Na mwaka wa kwanza wa balaa hilo, mwanamke mmoja alikuja dirishani kuandikisha kifo cha mumewe. Alivaa koti jeusi, uso umemvimba kwa kulia. Ottavio aliuliza jina la marehemu kwa upole wote aliokuwa nao, na jicho likamkonyeza mjane.

Alitamani kuingia ndani ya kabati la mafaili. Lakini yule mwanamke alimtazama, akatazama nyuma yake kama kuna mtu mwingine, kisha akaangua kicheko cha ghafla hata wenzake kwenye foleni wakashtuka. "Dunia hii!" alisema akijifuta machozi. "Hata mazishi bado, bwana!"

Jina lake Gelmina Pavanello. Alikuwa amegawa barua mjini pale kwa baiskeli miaka thelathini hadi alipostaafu, miguu yake bado ya chuma, na ulimi wake ulikuwa wa chuma hicho hicho. Miezi sita baada ya siku ile alimkuta Ottavio katika baa ya uwanjani, akitafuta mwenzi wa kucheza naye briskola. Akavuta kiti bila kukaribishwa. "Wewe ndiye yule mkonyezaji. Gawa karata."

Briskola huchezwa na watu wanne, wawili kwa wawili, wenzi wakikaa uso kwa uso, na wanaofikisha pointi sitini na moja ndio washindi. Kusema una karata gani ni mwiko, lakini kumwonyesha mwenzako kwa uso ni halali, mradi wapinzani wasikuone. Ukibana midomo, una ree ya turufu. Ukiinua macho, una mfalme. Ukipinda mdomo pembeni, una tatu ya turufu, karata ambayo ree peke yake ndiyo huipiga.

Sasa fikiria uso wa Ottavio, ambao kutwa nzima ulikuwa ukitangaza kwamba ana tatu ya turufu. Wapinzani walichanganyikiwa kabisa. Mwanzoni walimwamini, wakazificha karata zao nzuri bure. Halafu wakaacha kumwamini, na hapo ndipo alipokuwa nayo kweli. Gelmina peke yake ndiye aliyegundua siri: mshtuko wa ugonjwa hufumba na jicho, lakini Ottavio akipinda mdomo kwa hiari yake, jicho hubaki wazi. Hakumwambia mtu. Kwa miaka miwili walimla kila aliyekaa nao mezani, hasa Rizzieri mwenye duka la dawa na mwenzi wake Gaudenzio mwenye bucha, ambao walikuwa mabingwa wa mji kabla ya uso huo kuharibika.

"Huyu si mgonjwa," Gaudenzio alikuwa akilalamika. "Huyu ana silaha!"

Basi Ottavio alikuwa ameyazoea maradhi yake, na pengine ameyapenda kidogo. Lakini meya alikuwa ameshika kalamu. Mwanzoni mwa Mei akapanda basi kwenda Padova.

*

Daktari Marilisa Fontolan alikuwa mtaalamu wa neva, mwembamba, mwenye miwani inayoning'inia kwa uzi, na alimtazama Ottavio usoni kwa dakika nzima, kama mtu anayetazama mechi.

"Safi sana," alisema mwishowe.

"Nini kilicho safi, daktari?"

"Mshtuko wako. Unafuata kitabu. Kuna mshipa mdogo wa damu nyuma ya sikio, ndani kabisa, umeegemea neva ya uso. Kila ukidunda unaichokoza neva, na neva inapiga kelele kwenye msuli. Kupasua tunaweza, lakini kwa umri wako ningeanza na sindano."

"Sindano ya nini?"

"Sumu."

Ottavio akatazama mlango ulipo.

"Tulia, Bwana Zorzan. Ni protini. Inatengenezwa na kijidudu kilekile kilichokuwa kikiua watu zamani kwenye soseji zilizoharibika. Tunatumia kiasi kidogo mno."

"Mimi nimekula soseji za shemeji yangu miaka thelathini, na uso haujatulia hata siku moja."

Daktari Fontolan alicheka, akavuta karatasi na kuchora. Alichora mti mwembamba usio na majani, na mwisho wa kila tawi akaweka kitu kama kifungo cha shati. "Hii ndiyo neva yako. Hivi ni miisho yake, inapogusa msuli. Neva haimshiki msuli mkono ikamvuta. Inamtupia ujumbe. Ujumbe umehifadhiwa kwenye vifuko vidogo, hivi hapa. Na ili kifuko kifunguke nje, lazima kifungwe kwanza kwenye ukuta na protini tatu zinazosokotana kama kamba. Zikikaza, kifuko kinabanwa ukutani, kinapasuka, ujumbe unamwagika, msuli unaruka."

"Na jicho langu linamkonyeza mke wa mtu."

"Hasa. Sumu ikiingia mwishoni mwa neva, inakwenda moja kwa moja kwenye protini mojawapo ya hizo tatu na kuikata. Kama mkasi. Kamba haisokoteki tena. Neva inapiga kelele palepale, vifuko vimejaa tele, lakini hakitoki kitu."

"Kwa hiyo neva inakufa."

"Wala! Inanuna tu." Akaweka kalamu chini. "Na hainuni milele. Baada ya miezi mitatu hivi utarudi kwangu."

"Kwa nini? Mkasi unachakaa?"

"Unachakaa, ndiyo. Lakini kabla haujachakaa, kuna jambo zuri zaidi. Nitakueleza ukirudi. Sasa funga macho."

Sindano zilikuwa nne, nyembamba kama unywele, tatu kuzunguka jicho na moja shavuni. Ottavio alirudi nyumbani akikonyeza vilevile na kumwambia Gelmina kwamba amechezewa. Siku ya tatu ilikuwa kimya kidogo. Siku ya tano aliamka, akajitazama kwenye kioo, akasubiri. Akasubiri tena. Nusu ya uso wake ilikuwa imetulia kama ziwa.

Wiki hiyo alifunga ndoa mbili, na neno "uaminifu" likapita bila ajali. Meya alimpigia makofi korido nzima. Tatizo likawa moja tu, kwamba akitabasamu, upande wa kulia ulitabasamu peke yake na wa kushoto ukabaki na huzuni. Bibi harusi wa pili alimnong'oneza, "Bwana, unatuoza au unatuzika?"

*

Tarehe kumi na tatu Juni, sikukuu ya Mtakatifu Antoni, mji hufanya mashindano ya briskola chini ya turubai nje ya kanisa, na zawadi ni paja zima la nguruwe lililokaushwa. Ottavio na Gelmina walikuwa wamelitwaa miaka miwili mfululizo. Safari hii walipangwa raundi ya kwanza na Rizzieri na Gaudenzio.

Mchezo wa kwanza Ottavio alipata tatu ya turufu mapema. Akataka kupinda mdomo. Upande wa kushoto haukusogea. Akajaribu tena, akakaza mpaka sikio likatikisika. Gelmina alikuwa akimtazama kwa macho ya kuuliza. Kwa kukosa njia, Ottavio akapinda upande wa kulia, na kwa kuwa sasa hapakuwa na mshtuko wa kujifichia, ishara ile ilionekana hadi upande wa pili wa uwanja.

"Ana tatu!" Gaudenzio akasema, akifurahi kama mtoto. "Rizzieri, umeona? Kitabu kimefunguka!"

"Nimeona, na bila miwani," akajibu mwenye duka la dawa, akaweka ree mezani taratibu, kwa raha.

Walipoteza mchezo wa kwanza. Wa pili waliaibika. Gaudenzio alisimama akaizunguka meza akimtazama Ottavio usoni kutoka kila upande. "Mwenyezi Mungu amsitiri daktari wako. Mwambie akija Sant'Ubaldo nitamchagulia nyama mwenyewe."

Ottavio aliomba radhi njia nzima walipokuwa wakirudi. Gelmina alisukuma baiskeli yake bila kusema kitu, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu afahamike. Kwenye daraja akasimama.

"Ottavio, mimi sina habari na paja la nguruwe."

"Umekasirika lakini."

"Miaka mitatu umenikonyeza. Nikiingia baa, unanikonyeza. Nikitema mbegu, unanikonyeza. Sasa wiki tano nzima, hata moja."

"Gelmina, ulikuwa unajua ni ugonjwa."

"Nilijua! Kwani mvua ikinyesha si najua hainyeshi kwa ajili yangu? Lakini nikisimama ndani yake nalowa." Akatazama mto. "Nataka kukuuliza kitu, na ujibu kama mtu, si kama ofisi. Katika zote hizo, hakuna hata moja iliyokuwa yangu?"

Kulikuwa na jibu. Lilikuwa limejaa kifuani kwake, tele, limepangwa vizuri. Ottavio alifungua mdomo, ule nusu ulio hai, na likatoka neno moja la kijinga kuliko yote: "Sijui."

Gelmina akapanda baiskeli. "Haya. Usiku mwema," akasema, na ilikuwa saa kumi na moja jioni, jua kali.

*

Wiki iliyofuata Gelmina alikuwa akicheza na Rizzieri. Gaudenzio, aliyeachwa bila mwenzi, alikuja kukaa na Ottavio pembeni na kunywa naye glasi ya divai kwa uchungu wa pamoja. "Ameninyang'anya mtu wangu," alisema mwenye bucha. "Miaka kumi na minane na Rizzieri! Wewe ulimfanya nini mwanamke huyo?"

"Sikumfanya kitu."

"Basi hilo ndilo kosa, boga wewe."

Ottavio akaanza tabia mpya. Kila asubuhi alisimama mbele ya kioo kabla ya kunyoa, akiangalia kope lake kama mkulima anayeangalia kitalu. Alikuwa na imani, isiyo na msingi wowote, kwamba jicho likirudi kukonyeza mambo yote yatarudi yalivyokuwa, na yeye hatalazimika kusema neno. Julai ikaingia. Kope halikutikisika. Mwisho akapiga simu kliniki.

"Daktari, zile chipukizi zangu zitafika lini?"

"Nani amekwambia kuhusu chipukizi?"

"Nimesoma. Maktaba ya mji wana ensaiklopidia."

"Bwana Zorzan, nina wagonjwa mia mbili wa aina yako. Wote hunipigia kulalamika kwamba ugonjwa umerudi mapema. Wewe ni wa kwanza kulalamika kwamba umechelewa. Njoo Alhamisi, nikuonyeshe kitu."

Kitu hicho kilikuwa ghorofa ya tatu, kwenye chumba chenye baridi na giza nusu, ambako mwenzake daktari alikuwa akichunguza misuli ya panya. Daktari Fontolan alimkalisha Ottavio mbele ya skrini. Pale kulikuwa na uzi wa kijani unaong'aa kwenye weusi, na mwisho wa uzi, kiota cha vijipete vilivyojikunja.

"Huu ni mwisho wa neva ya panya, umepakwa rangi. Mzima. Sasa tazama huu, siku ishirini na nane baada ya sumu."

Ottavio akainama. Kiota kilikuwa palepale, lakini kutoka pembeni mwake zilikuwa zimechomoza nyuzi nyembamba, mbili, tatu, nne, zikitambaa juu ya msuli kila upande, kama mizabibu ya baba yake ilivyokuwa ikitafuta waya mwezi wa Aprili.

"Ni ya panya hii?"

"Ya panya. Yako inafanana nayo, ila panya hafungishi ndoa za watu."

"Na zinajuaje pa kwenda?"

Daktari alifurahi kuulizwa, akavua miwani. "Msuli ndio unaoziita. Msuli uliokosa ujumbe unaanza kutoa protini zake mwenyewe, unazimwaga kandokando. Neva inazinusa na kuchipua kuelekea huko. Zipo protini za kuita, zipo za kujenga njia, zipo za kusema simama hapa, umefika. Mlango wa zamani umefungwa, basi neva inafungua mwingine ubavuni na kupitishia ujumbe hapo. Hiyo ni kwa muda tu. Mlango wa zamani ukitengemaa, chipukizi zinarudishwa ndani, na kila kitu kinakuwa kama mwanzo. Tumehesabu kwa panya siku tisini hivi."

"Kwa hiyo sasa hivi, hapa," Ottavio akagusa shavu lake, "kuna kazi inaendelea."

"Kazi kubwa mno, usiku na mchana. Wewe tu ndiye umekaa."

Daktari hakuwa na nia yoyote mbaya, wala hakujua habari za Gelmina. Alimaanisha kwamba mgonjwa hana la kufanya. Lakini ndani ya basi la kurudi Ottavio aliiona sentensi ile ikimkalia shingoni kituo baada ya kituo. Misuli yake inaita. Neva yake inachimba njia ya ubavuni. Yeye mwenyewe, mtu mzima wa miaka sitini na moja, mwenye mdomo, ulimi na cheti cha utumishi mwema, anasubiri kope limsemee.

Akashuka vituo viwili kabla ya kwake.

*

Gelmina alikuwa uani akimenya maharage, beseni mapajani, redio ikiongea peke yake dirishani. Alimwona akifungua geti na hakuinuka.

"Umekosea nyumba. Dirisha la vifo liko manispaa."

"Gelmina, nisikilize kabla sijasahau. Nimepanga maneno kwenye basi."

"Sikiliza mwenyewe, redio inaongea."

Ottavio akaenda dirishani, akaizima. Kisha akasimama katikati ya ua, kuku wawili wakimzunguka, mikono yake imeshika mshipi usiokuwepo kifuani, kama alivyozoea kusimama siku za Jumamosi.

"Uliniuliza kama kuna hata moja iliyokuwa yako," alisema. "Nimehesabu. Jicho likifumba lenyewe, linafumba mara moja, haraka, na mdomo unavutwa. Hizo sizidai. Ni za neva. Lakini kuna nyingine. Ile siku ulipomwambia padri kengele zake zinachelewa kuliko barua zako. Ile siku ulipoanguka na baiskeli ukamtukana mwenye shimo. Na kila Jumapili ukivaa ile sweta ya buluu. Hizo nilikonyeza mwenyewe. Nilijua utadhani ni ugonjwa, ndiyo maana nikathubutu."

Gelmina aliacha kumenya. Ganda moja la maharage lilibaki wazi mkononi.

"Miaka mitatu," alisema polepole, "umekuwa ukinitongoza ukijificha nyuma ya cheti cha daktari?"

"Cheti nilikuwa bado sina."

"Mwizi wewe!"

"Ndiyo."

"Muoga!"

"Na hilo pia."

"Sema tena ile ya sweta."

Akaisema. Alipofika katikati akatabasamu, na kwa kuwa ni upande mmoja tu uliokubali, uso wake ukawa wa mtu anayecheka na kulia kwa wakati mmoja. Gelmina alimtazama, akajaribu kubaki na hasira, akashindwa; kicheko kikamtoka kilekile cha siku ya dirishani, beseni likapinduka na kuku wakaja mbio kwenye maharage.

"Okota hayo," alisema alipopata pumzi. "Halafu osha mikono. Kuna polenta ya mahindi ya jana, naikaanga."

*

Kope lilirudi tarehe sita Agosti, asubuhi, alipokuwa akinyoa. Kijishtuko kidogo, kama samaki akigusa uso wa maji. Kufikia mwisho wa mwezi mdomo nao uliungana nalo, na kwa kuwa Agosti Italia nzima imefunga na madaktari wako baharini, walikuwa na wiki tatu za kucheza karata bila kipingamizi. Rizzieri alirudi kwa Gaudenzio kwa unyenyekevu. Wote wawili wakaliwa mara kumi na moja.

Mapema Septemba Gelmina alisisitiza kumsindikiza Padova. Alikaa kwenye kiti cha mgonjwa kabla mgonjwa hajakaa.

"Daktari," alisema, "hili jicho lifunge, sawa, watu wafunge ndoa kwa amani. Lakini mdomo niachie."

"Mama, uso ni wake."

"Wake upande wa ndani. Upande wa nje natazama mimi."

Daktari Fontolan akamgeukia Ottavio. "Wewe unasemaje?"

Ottavio alifikiri. Alifikiria dereva wa lori na shingo yake, na meya na kalamu yake. "Tuanze na jicho peke yake," alisema. "Bibi harusi akiona mdomo umepinda atadhani nimeumwa jino. Tukishindwa, Desemba tutajadiliana upya."

"Tutajadiliana sote watatu," Gelmina akaongeza.

Sindano safari hii zilikuwa tatu, na zilikwisha upesi. Kilichowachelewesha ni Gelmina, aliyedai kuonyeshwa yule panya aliyesimuliwa majira yote ya joto. Wakapandishwa ghorofa ya tatu. Alikaa mbele ya skrini, mikono magotini, akiuliza maswali mfululizo: je, panya alikuwa anakonyeza? Chipukizi zikirudishwa ndani, zinakwenda wapi? Na msuli ukiita halafu neva isije? Mtafiti kijana, Mjerumani mpole aliyeongea Kiitaliano cha kutafuta maneno, alijibu kila kitu, na swali la mwisho likamfanya akune kichwa. Alikiri kwamba hilo bado wanalifanyia kazi.

"Fanyeni upesi," Gelmina alimwambia. "Mimi nina miaka sitini na minne."

Kufikia hapo basi la saa nane lilikuwa limekwisha ondoka. Walinunua mapichi matatu kwa mwanamke wa kibanda cha matunda, wakakaa kwenye benchi la kituoni kusubiri la saa tisa, wakila huku wameinama mbele ili maji yasichuruzike nguoni. Gelmina alikuwa bado akieleza alichokiona, akichora hewani kwa kisu cha kumenyea, hapa kiota, hapa uzi unatoka, hapa unapinda. Ottavio alimwambia ameelewa. Gelmina akamwambia hajaelewa kitu, akaanza upya.

Basi lilipofika walikuwa kwenye pichi la tatu, wakilibishania.